Uliyemtoboa ni Wako

Tarehe 4 Machi

Dada yangu, Fundi Mageti,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mguu unamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake haujawahi kuumwa hata siku moja, kwa hiyo ujue nyumba iko salama. Kuku wake wameangua. Paa la jikoni nimeliziba kwa lile bati ulilotuma, ingawa yeye anasema nimelilaza vibaya na atakufa kwa mvua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Habari yenyewe sina namna ya kuizungusha. Mkunga amefariki. Alikuwa anatoka kuzalisha, anapita njia ya chini, ile inayokata kati ya mahindi na kijito, na nguruwe pori dume akamtokea. Unajua nguruwe haumi kama mbwa. Anakuja kichwa chini, anakiinua ghafla, na yale meno yanafanya kazi ya wembe. Alimpasua paja kwa ndani, kuanzia gotini kwenda juu. Nilisikia kelele nikiwa shambani nikakimbia. Nilivua shati nikalikandamiza kwenye kidonda, damu ikapita katikati ya vidole vyangu kama shati halipo. Akaniangalia, akaniambia, "Si hapo, mjinga wewe. Bonyeza juu, kwenye kinena." Nikabonyeza juu. Nilikuwa nimechelewa. Mikono iliyonipokea mimi duniani, na wewe kabla yangu, ilikuwa inachimba udongo pale chini mpaka ikaacha.

Mume wake, Fundi Cherehani, hakukubali mtu mwingine amshonee nguo ya kuzikiwa. Alishona mwenyewe, mlango wazi, sote tukisikia mashine.

Sasa watu wananitazama mimi, maana ndiye ninayewinda hapa. Nimesema nitamwua. Naomba unitengenezee kichwa cha mkuki, kizito kuliko kile cha mwaka jana. Kile kimepotea. Mpe dereva wa lori la mahindi, ndiye anayekuletea barua hii, maana simu huku bado ni ya kuchezea tu.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nilipewa nikiwa juu ya ngazi, nachomelea dirisha la ghorofa ya pili, nikaisoma hukohuko juu. Mwenye karakana alinipigia kelele nishuke. Sikushuka mpaka nilipomaliza kulia. Mwambie mama nimepata salamu zake, na bati alilaze yeye kama anajua zaidi. Mpe pole Fundi Cherehani. Mwambie nitamwandikia. Usimwambie lini.

Mimi mzima. Mkono wa kushoto una malengelenge, hayo ni ya kawaida.

Sasa nikuulize. Kichwa cha mkuki hakipotei kama sindano. Nilikifua kwa springi ya lori, kina uzito wa mawe matatu ya mizani ya mama, na kimekaa kwenye mpini wenye urefu wa kukuzidi wewe. Kitu kama hicho kinapoteaje? Ukisema umevunja mpini, mtu aliyevunja mpini huomba mpini. Wewe umeomba chuma. Kwa hiyo mpini unao. Chuma kiko wapi, na kilitokaje kwenye mpini?

Unakumbuka baba alivyokuwa anatuweka mbele yake, wewe meno ya mbele yameng'oka, mimi nimebeba kibuyu cha maji. Kabla hajanyanyua mkuki alikuwa anatutamkisha: uliyemtoboa ni wako mpaka afe. Huli, huogi, hulali kitandani mpaka umwone amelala. Wenye bunduki wanaweza kukosea wakaenda zao, alisema, sisi hatuwezi, kwa sababu tumemsogelea mnyama tukiwa na hila naye ana pua tu. Ndiyo haki pekee tuliyonayo.

Sifui kitu mpaka unijibu.

Dada yako.


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, vifaranga viwili vimekwenda na mwewe, na yeye amemtukana mwewe mpaka nadhani ndege amehama.

Ungeweza kuwa polisi. Haya, sikia.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Mkunga kufa. Dume lile lilikuwa limelaza mahindi ya watu watatu, na mimi nililingoja kwenye ukingo wa kijito, upepo ukinijia usoni. Likapita hatua sita mbele yangu. Nilirusha. Nilirusha vizuri, dada, naapa kwa baba. Mkuki uliingia nyuma ya bega la kushoto na nilisikia chuma kinasugua mfupa. Likapiga kelele, likageuka, likajigonga kwenye shina la mti upande ule wa mkuki, na mpini ukachomoka. Ukaanguka chini mtupu. Chuma kikabaki ndani na nguruwe akaenda nacho.

Nilifuata damu. Ilikuwa nyingi mwanzoni, yenye povu, nikasema leo leo. Kisha mvua ikaja ile ya kumwaga kwa ndoo, nikawa nainama na kunusa udongo kama mwendawazimu. Nilikuwa na mpini tu mkononi. Niliogopa. Nimeliandika, lisome. Matete yalitikisika, nikafikiria meno yale na mimi nimeshika fimbo, nikarudi nyumbani. Mama alikuwa amepika. Nilikula.

Hakuna anayejua. Wananishika mkono njiani, wananiambia Mungu akutie nguvu. Fundi Cherehani ameniwekea kiraka kwenye suruali akakataa hata shukrani.

Usinihubirie, lakini. Wewe wa mjini unakula nyama isiyo na uso. Huku wenzangu wanatega waya. Mwezi uliopita nilimkuta swala kwenye waya wa mtu ambaye hajapita kuutazama: ameuzunguka mti mpaka ngozi ya shingo imebaki nyuma, jicho limeliwa na siafu, na bado anapumua. Nilimmaliza kwa kisu. Huyo mtega waya analala usingizi mnono, na mimi niliyesogea hatua sita ndiye muuaji? Watu husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi nimeupata uchungu bila kuchomwa.

Nitumie chuma. Bado yuko hai. Nimeona nyayo zake, mguu wa mbele anauburuta.

Mdogo wako.


Tarehe 15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesoma yote, mara nyingi. Sikuhubirii. Mtu mwenye fimbo mbele ya nguruwe aliyejeruhiwa akiogopa, ana akili. Lakini ulirudi bila kumwambia mtu kwamba kuna mnyama wa namna hiyo anatembea njia ya chini, na Mkunga akapita njia ya chini. Hilo linakaa juu yako na sitalitoa.

Kuhusu chuma kuchomoka kwenye mpini, tuyaache.

Mzigo huu anaokuletea dereva ndio mkuki. Nimeufua usiku wa siku tatu baada ya kazi, mwenye karakana akilalamikia mkaa. Utauona si kama wa kwanza. Shingoni, pale mpini unapoingia, nimepiga misumari miwili ikapenya upande wa pili, nikaipondaponda vichwa, na juu yake nikachomelea. Hautoki hata ukifungwa nyuma ya lori. Halafu chini ya makali nimeweka mabawa mawili ya chuma, yamekingama kushoto na kulia. Utasema nimeharibu mkuki, haurushiki. Ndiyo. Nimeuharibu makusudi ili usirushike. Utamngoja, utapiga goti, utaegemeza tako la mpini ardhini chini ya unyayo wako, na yeye mwenyewe atakuja. Chuma kitaingia mpaka kwenye mabawa na hapo kitakwama. Hataupanda mpini akufikie, na wewe hutaweza kumwacha. Utabaki naye. Utamtazama mpaka mwisho.

Usimwambie mama kwamba nimekuambia uende. Sijakuambia uende. Nimekupa kitu cha kwendea, basi.

Dada yako.


Tarehe 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Lori liliharibika gia likakaa wiki nzima, kwa hiyo hii itakukuta imechacha. Mama hajambo, amecheza ngoma kwa mguu mmoja, nitakuambia kwa nini.

Nimeua nguruwe.

Nilimkuta kwenye mahindi ya jirani asubuhi, ukungu bado uko chini. Nilisikia mabua yanavunjika, nikapiga goti kwenye mwanya kama ulivyosema. Mbwa wa jirani akabweka upande wa pili na mnyama akaja kwangu moja kwa moja. Dada, kuandika hakutoshi. Ni gunia la mahindi lenye hasira linalokimbia. Aliingia kwenye chuma kifuani, mpini ukapinda nikadhani umekwisha, na uso wake ukasimama kwenye mabawa, umbali wa mkono wangu. Alisukuma. Nilikuwa nateleza nyuma na goti langu linalima mfereji. Aliyagonga mabawa kwa meno, cheche zikatoka, damu ikinirukia mdomoni ya moto, na mimi napiga kelele sijui maneno gani. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, akakaa kama mbwa, akalala ubavu.

Watu walikuja mbio. Walinibeba. Mtu mzima mimi nikabebwa mabegani kama jeneza. Mama akapiga vigelegele, nguruwe wakamchuna, wakamgawa, kila nyumba ikapata. Fundi Cherehani alikatiwa moyo akapewa kwanza, akaushika mikononi, akaniambia, "Sasa nitalala."

Mimi ndiye niliyepasua bega. Nilitaka kutoa chuma chako kimyakimya kabla mtu hajakiona. Nikapasua la kushoto, nikapasua na la kulia kwa wasiwasi, nikatia vidole mpaka kwenye mfupa. Nyama safi. Hakuna kovu, hakuna usaha, hakuna kitu. Na miguu yote minne mizima.

Siye.

Sikusema. Walikuwa wanaimba. Sasa njia ya chini, iliyofungwa tangu Mkunga afe, imefunguliwa, wanawake wanaipita na ndoo zao, mama amerudi kwenye viazi vyake. Kila asubuhi namfuata nyuma na mkuki wako kwa visingizio, leo kuni, kesho nyoka. Anawaambia watu kwamba mwanawe amekuwa mtoto mwema uzeeni.

Niambie nifanye nini. Lakini kumbuka yule mzee amesema sasa atalala.

Mdogo wako.


Tarehe 13 Mei

Wewe,

Leo sina salamu. Unamfuata mama mmoja kwa mkuki mmoja. Wengine wanafuatwa na nani?

Wale wanapita njia ile kwa sababu yako. Yule nguruwe uliyemwua hakuwa na kosa lolote na watu, alikula mahindi na akafa kwa jina la mwenzake, na huyo naye yuko kwenye hesabu yako. Mwenzake yuko kwenye matete anaoza akiwa hai tangu Februari. Miezi mitatu, mdogo wangu. Wewe uliyemlilia swala kwenye waya.

Nenda kwa Fundi Cherehani ukamwambie yote, yeye kwanza, kisha simama njiani uwaambie wengine. Ukiisoma barua hii umekaa, inuka. Usimalize kunywa maji.

Nimempa dereva na kumwomba asilale njiani.


Tarehe 24 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo na anakusalimu, na safari hii salamu zake zina sababu.

Barua yako niliisoma mbele yake. Akaniuliza, "Dada yako anasemaje?" Nikamwambia, anasema niseme. "Basi sema," akanijibu, huku anamenya viazi, wala hakuuliza niseme nini. Nadhani mama anajua mambo tangu siku nilipoanza kuogopa nyoka.

Fundi Cherehani alikuwa anashona sare za shule. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote: mkuki, mvua, fimbo, chakula nilichokula, bega safi. Mashine ilikuwa inakwenda, kisha ikaacha. Alichukua ile rula yake ndefu ya mbao akanipiga nayo usoni, shingoni, mikononi. Sikujikinga. Ilivunjika mara mbili. Alipobaki na kipande cha kiganja alikiweka mezani, akafuta damu yangu kwenye sare asije akaiharibu, akaendelea kushona. Nikaenda njiani nikawaambia wengine. Wapo waliotema mate. Njia ikafungwa.

Asubuhi yake nilipotoka na mkuki nilimkuta Fundi Cherehani mlangoni ameshika panga. Hakunisalimu. Tulikwenda.

Tulimtafuta siku nyingi, sitazihesabu, tukilala hukohuko na kula mizizi, kwa sababu mara hii sikurudi nyumbani kula. Pua ndiyo iliyotuonyesha. Harufu yake ilitufikia kabla ya yeye, harufu ya kidonda. Alikuwa ndani ya matete, mahali alipopakanyaga pakawa kama chumba. Dada, alikuwa amekwisha. Mbavu unazihesabu, bega limevimba kama chungu na limepasuka, funza wanaingia na kutoka, na mguu ule umekauka. Lakini alipotuona aliinuka. Nilipiga goti. Alikuja kwa miguu mitatu, anaanguka, anainuka, anakuja. Hakuna hata mbio pale. Aliingia kwenye chuma kwa uzito wake tu, mpaka kwenye mabawa, akasimama.

Nilibaki naye kama ulivyosema. Jicho lake lilikuwa hapa na langu hapa. Hakufa upesi, chuma kilikuwa kimepita pembeni ya moyo, na hakuwa na nguvu ya kusukuma kikaingia vizuri. Alikuwa anapumua tu, na kila pumzi naisikia kwenye mpini mpaka kwenye mabega yangu. Nilimwambia Fundi Cherehani, huyu hapa, ni wako. Mzee akanyanyua panga. Akalishikilia juu. Nilimwona anamtazama yule mnyama, bega lile na wale funza, na uso wake ukabadilika. Akalishusha polepole. "Mmalize," akasema, "mmalize bwana, anaumia." Alikuwa analia. Nikachukua panga kwake nikampiga nyuma ya sikio, mara moja, mara ya pili, akaanguka juu ya mguu wangu.

Ile methali ya mkuki na nguruwe sitaisema tena. Kwa nguruwe nako ni mchungu, nimeuona.

Tulimzika. Fundi Cherehani alichimba zaidi yangu. Kabla ya kumfukia nilitoa chuma chako kwenye bega, nakutumia kimefungwa kwenye kitambaa alichokata yeye. Nimekiosha. Pale shingoni, mpini unapoingia, lipo tundu moja ulilotoboa upande wa kulia. Ni tupu na kingo zake ni nyororo, wala msumari haujawahi kupita hapo. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu. Sikuwaambia watu, maana mimi ndiye niliyerudi nyumbani, na hilo ni langu. Sikuulizi kitu. Nakutumia kwa kuwa ni chako.

Mdogo wako.


Tarehe 1 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Chuma nimekipata. Nimekiweka kwenye meza ya kazi na kukitazama, na tundu ni tupu, kama nilivyojua litakuwa tangu barua yako ya kwanza.

Siku ile geti la mtu lilikuwa linasubiriwa, mwenye karakana yuko nyuma yangu anapiga makofi. Nilisukuma chuma kwenye mpini kikabana, nikasema nitapiga msumari baada ya chakula. Baada ya chakula dereva alikuwa anapiga honi. Nikampa. Nilijiambia kimebana, kitashika.

Nikakuandikia barua kali tatu, nikakupangia goti na mabawa na cha kumwambia mzee. Uliyaogopa matete ukiwa na fimbo mkononi, na hiyo fimbo nilikupa mimi.

Usinijibu, barua haitanikuta. Napanda na dereva huyuhuyu kesho. Mwambie mama asihangaike kupika. Nitapitia kwanza kwa Fundi Cherehani, nimechukua rula mpya ya mbao, ngumu kuliko ile, nimpe kabla sijaanza kusema.

Dada yako.